Bahasha Iliyogeuzwa

Jumamosi, soko la Tammela, baridi inauma masikio.
Hilppa hunifichia sanduku la viatu chini ya meza yake.
"Matupu haya," husema, "barua zenyewe hazimo."
Namwambia matupu ndiyo niyatafutayo.
Barua ni ya aliyeandikiwa.
Bahasha ilipita mikononi mwa kila mtu.

Sina stempu za kujivunia.
Askari wetu hawakulipia posta:
pa stempu pamegongwa muhuri wa buluu, upesi, upande,
na nambari ya kikosi pa jina la mji,
kwa kuwa mji ulikuwa siri,
na mara nyingi haukuwa mji,
ni misonobari na shimo.

Ninayo moja yenye duara la kikombe.
Ninayo moja iliyotobolewa kwa sindano, mara mbili,
kana kwamba ilishonewa ndani ya koti.
Ninayo iliyotafunwa pembeni, na mbwa au mtoto, sijui.
Mke wangu Oili alizoea kuuliza, utazipeleka wapi?
Sasa haulizi tena,
na jibu bado sina.

Ya leo nimeipata kwa yuro nne.
Nje, kwa penseli: Bi. Saimi Koskelo,
na mtaa wa tatu kutoka kwangu.
Gundi yake imepakwa kwa kidole, inaonekana.
Nikaiinua dirishani, theluji ikanipa mwanga,
na chini ya mwandiko ule ukaibuka mwingine, wa wino:
Askari Vilho Koskelo, na nambari.

Basi ni yeye Saimi aliyeituma kwanza.
Mwaka ule wa arobaini na mbili karatasi ilikuwa adimu,
naye Vilho akaifumua taratibu asiichane,
akaigeuza ndani nje kama soksi,
akamrudishia mkewe bahasha yake mwenyewe.

Nilidhani mwisho naujua.
Sisi wakusanyaji tuna maradhi hayo:
kila bahasha tunaichimbia kaburi.
Nikatafuta jina, nikapiga simu, nikashusha sauti.

"Alirudi," akasema binti, Tellervo.
"Alirudi na miguu yote miwili.
Akafanya kazi kiwanda cha karatasi miaka thelathini,
akala viazi vyake, akanyamaza.
Barua mama alizichoma siku tuliyomzika baba,
jikoni, mojamoja, akizisoma kwanza.
Sisi hatukusomewa.
Bahasha akaziacha. Alisema hizo hazina maneno."

Nikamuuliza, nikuletee?
Simu ikakaa kimya hata nikasikia saa yake ya ukutani.
"Isome."
Nisome nini, mama? Ni anwani tu.
"Hiyo hiyo."

Nikavaa miwani. Nikasoma jina la mama yake,
mtaa, nambari ya nyumba, ngazi B,
polepole, kama karani anayeogopa kukosea.
"Ile K ya Koskelo," akasema, "ameiandikaje?"
Nikatazama.
Mguu wake mrefu, nikasema,
unashuka ukavuka mstari,
ukagusa jina la mtaa.

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo alivyoandika kwenye daftari zangu za shule.
Soma tena."

Birika lilikuwa linafoka jikoni.
Nikaliacha lifoke.
Nikasoma tena.