Nusu ya Kichwa

Usiku wa kuamkia Idi, hapa Wete,
mashine ya kunyolea ilimfia Haroub kichwani.
Haikukohoa. Ilishusha sauti tu,
kama mtu anayevuta uradi akapitiwa na usingizi,
ikasimama juu ya sikio la kushoto.
Upande umekwisha, upande ungali msitu.

"Mama, ndo nitaswali hivi?"

Miezi mitatu ilikuwa mbuzi wa kamba:
hula pale tu waya unapofika.
Nikauchomeka waya. Ikanguruma, ikala mistari miwili,
na umeme nao ukaaga, mtaa mzima.
Takbira msikitini zikaendelea bila kipaza sauti.

Kijana wa duka kule Chake alishaniambia:
"Hii haifunguliwi, bibie. Ikifa, nunua nyingine."
Haifunguliwi, na ina skrubu tatu!
Ya nne nikaipata chini ya kibandiko cha jina,
imejificha kama deni.

Nikaifungua juu ya sinia, kwa kurunzi ya simu.
Ndani mna nywele za sikukuu zote zilizopita,
za baba yao zimo, zile za kijivu,
na betri mbili zimefungwa ubavu kwa ubavu,
zimetoka unga wa kijani mdomoni.

Miaka minne nilimshikia kurunzi kaka yangu Khatib
akifungua redio za watu.
Alidhani nashika kurunzi tu.

Betri nitazitoa wapi saa nne ya usiku?
Mlangoni pana taa mbili za jua
alizoleta wifi yangu Zuwena kutoka Maskati,
za kuchomekwa bustanini. Bustani sina;
nimezisimamisha kwenye ndoo za mchanga, kama askari.
Nikazing'oa. Kila moja ina betri moja tumboni,
volti moja na nukta mbili,
sawasawa na marehemu.
Mlango ukabaki giza.

Pasi ya kulehemu sina, na ningekuwa nayo ningeipasha na nini?
Lakini jiko lina makaa, tambi za kesho zimeshaepuliwa.
Nikachomeka bisibisi kuukuu mpaka ncha ikaiva.
Nikaparuza vichwa vya betri kwa msasa, ving'ae.
Gusa, toa. Gusa, toa.
Ukikawia, betri inapikika kama yai.
Chanya kwa hasi, kichwa kwa mkia,
waya mwekundu huku, mweusi kule.
Nilirudia kwa sauti mara mbili;
Haroub, kanga mabegani, akaitikia amina.

Betri ngeni zilikuwa nene kidogo, kifuniko kikakataa.
Nikakibana kwa mpira wa nywele wa dada yake.

Nikabonyeza.

Jua la mchana wa leo,
lililolala mlangoni kwangu likingoja kuwamulika wageni,
likaamka, likala nywele za mwanangu.
Polepole, kwa sauti nzito kuliko ile ya zamani.
Upande wa pili ukatoka mfupi kuliko wa kwanza.
Asubuhi alivaa kofia, hapana aliyejua.

Khatib alikuja kutupa mkono wa Idi,
akajikwaa mlangoni kwenye ndoo,
akaiona mashine dirishani, akaigeuza,
akautazama sana ule mpira wa nywele.
"Nani kakufungia?"
Nikamsogezea sahani ya tambi.

Zile mbili zilizokufa nimezitia kopo la maziwa
juu ya kabati. Jaa letu liko hatua saba na kisima,
na hakuna aliyewahi kuniambia huzikwa wapi.
Kila nikipangusa vumbi hugongana mle ndani.
Nalinyanyua kopo, nasimama nalo,
nalirudisha.