Chumba Kikavu

Navua saa, pete, hata ile kamba aliyonisukia Dirk,
navaa vazi jeupe linalonimeza mpaka machoni,
na mlango wa kwanza unanifungia
kabla wa pili haujanifungulia.
Humu hayaingii manukato wala mafuta ya mikono.
Humu maji ni mwizi.
Tuko kumi na wawili kwa zamu, hatuzidi,
maana kila mtu, asema Bwana Noh,
ni kiriba kinachotembea:
anapumua ukungu, anavuja jasho,
na lithiamu haisamehi.

Nje ya ukuta huu kuna ziwa lisiloonyesha ng'ambo,
theluji imefika madirishani,
Michigan nzima imelowa.
Sisi tu tumekauka, midomo imebanduka
kama rangi ya boti iliyosahauliwa nchi kavu.

Baba alifanya kazi papa hapa,
enzi za giaboksi.
Alirudi akinuka oili,
tukamjua kwa harufu kabla ya hatua.
Siku walipofunga lango alikuja na sanduku la spana,
akalisukuma chini ya ngazi.
Hakulifungua tena.
Mimi narudi sinuki kitu.
Mbwa wangu mwenyewe hunibwekea.

Siku ya uzinduzi gavana alitupanga nyuma yake,
helmeti zetu mpya, stika hazijabanduliwa,
akasema: betri za magari yetu, betri za majeshi yetu,
hatutazisubiri tena bandarini
kama yatima wa meli.
Tukapiga makofi.
Halafu tukangoja wageni,
maana mashine zilikuwa zao na ujuzi wao,
sisi twajua kukaza nati.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
wetu alitoka Korea na thermosi ya supu ya mwani.
Alinisimamisha kando ya roli.
"Sikiliza, Nelda."
Nikasikia mashine.
Mwezi wa tatu ndipo nikasikia
tope jeusi likitandazwa juu ya shaba
nene kupita kiasi,
kwa unywele uliopasuliwa mara ishirini.

Nambari hatukuambiwa.
Mtu wa stoo alimnong'oneza dereva wa foko,
na foko haina siri:
zinazoanza na nne ni za malori ya posta
na mabasi ya shule.
Zinazoanza na saba ni za jeshi.

Dirk yuko kaskazini, mahali asipopataja.
Anaandika kwamba redio hufa kwa baridi,
kwamba hulala na betri kwapani
kama kuku anayeatamia.

Basi nilizipenda saba.
Nilizichambua kama nilivyomchambua chawa
alipokuwa darasa la kwanza.
Doa, nje. Mikroni mbili, nje.
Na nne?
Nne nilizitazama
kama mtu atazamavyo mvua ya mtaa wa pili.
Sikuvunja sheria. Zote zilikuwa ndani ya kipimo.

Alhamisi Bwana Noh akaniletea karatasi,
mistari miwili:
wa saba umepanda, wa nne umelala.
Nikatafuta uongo, nikakuta domo tupu.
Akasema, "Wangu pia yuko jeshini.
Bado miezi kumi na minne."
Kisha akakata kipande cha utepe mweusi,
akakibandika kwenye kioo changu,
juu ya tarakimu ya kwanza,
akakisugua kwa kidole gumba
mpaka kikashika.

Roli likazunguka. Seli zikaja, hazina ukoo.
Macho yakataka kufanya yao
nikayakanya:
humu maji ni mwizi.

Zamu ilipoisha nilisimama kwenye maegesho
nikapumua, wingu kubwa,
pumzi ya saa nane.
Basi la njano likapita juu ya barafu
pasipo mngurumo,
vichwa vidogo vimeegemea vioo.
Nikaanza kuhesabu wiki
kwa vidole, ndani ya glavu.