Kitabu Chini ya Daftari

Msimu wa karafuu, Konde,
mie ndiye karani wa mizani.
Gunia linapanda, sindano inatetemeka,
naandika kilo, naandika jina,
na chini ya daftari la serikali, Mungu anisamehe,
kuna kitabu kisicho na jalada.

Jalada lilikwenda na muuza njugu wa Wete.
Jina la kitabu, kwa hivyo, silijui.
Namjua Salhiya.

Salhiya binti wa muuza vitambaa, Mji Mkongwe,
enzi za taa za mafuta na punda weupe,
anayejifanya hajui kusoma
ili Mselem, karani wa forodha, amsomee barua.
Barua kaziandika mwenyewe.
Tatu kwa wiki, kwa wino wa zambarau,
na Mselem maskini, kila akifika penye "ewe jicho langu"
hukohoa, huomba maji,
huuliza: "Huyu mwandishi, mtu wa wapi?"
"Sijui," anasema Salhiya. "Hebu rudia hapo kwenye jicho."

Faki Kombo, gunia tatu, ananitazama.
"Karani, karafuu zangu zinachekesha?"
Nikamwambia nimekumbuka jambo.
Na kweli nimelikumbuka: la miaka mia na ishirini nyuma,
ambalo halikutokea.

Najua wataoana. Nilijua tangu ukurasa wa kwanza,
kama mtu ajuavyo, yuko mlangoni bado,
kwamba chungu kilichofunikwa ni pilau.
Kwani aliyeinusa huacha kula?
Raha si kufika.
Raha ni shangazi aliyesimama njiani na mkongojo,
ni sahani ya halua iliyopelekwa nyumba siyo,
ni mabuibui mawili yaliyopishana kwenye msiba wa watu
na mposaji akamfuata mama mkwe hadi Malindi
akimnong'oneza mashairi.

Skuli nilifundishwa enzi zile kwa tarehe:
mkataba huu, mfalme yule,
bendera imepanda, bendera imeshuka.
Nikafanya mtihani, nikasahau yote.
Hakuna aliyenambia kwamba watu wa zamani
walikuwa wakijikwaa barabarani
kwa kumtazama mtu dirishani.

Lakini si mtoto mie. Najua kilichoachwa nje.
Kitabuni karafuu zinanukia tu, hazichumwi.
Zinafika Unguja zimeshakauka, utadhani zimejileta.
Babu wa babu yangu hakukaa baraza ile yenye mazulia.
Alikuwa juu ya mkarafuu, huku huku Konde,
mguu kwenye tawi, na tawi si lake.
Mengine nyumbani hatuyasemi.

Kwa hiyo ukurasa wa arobaini na nane, pembeni,
nimemwandika kwa kalamu ya risasi:
"Akapita kijana wa Pemba, jina lake Makame,
akamwona Mselem anavyotetemeka na barua,
akacheka mpaka akakaa chini."
Basi. Kazi sikumpa.
Nimempa kucheka, na pahala pa kukaa.

Nyumbani Raya hunitangulia kurasa.
Hukiiba nikilala; namjua kwa alama za mafuta ya nazi.
Mke wangu huyo, miaka thelathini na moja,
mwalimu wa darasa la pili,
nusu ya Konde imejua herufi kwa fimbo yake.
Jana kanipa kitabu, kajinyoosha kwenye busati:
"Nisomee. Miwani siioni."

Miwani ilikuwa ikichungulia kwenye upindo wa kanga yake.

Nikafungua arobaini na nane.
Chini ya Makame, kwa mwandiko wa ubaoni,
uliosimama wima kama watoto wa mstarini:
"Akatokea msichana, akamuuliza anacheka nini.
Akakaa naye."

Nikakohoa.
Nikaomba maji.