Mifuko Miwili

Jumatatu umeme ulikatika saa mbili usiku.
Mtaa mzima wa Chuno ukasema "aah" kwa sauti moja,
kisha ukanyamaza.
Somoe akawasha tochi ya simu, asilimia kumi na moja,
akaielekeza kwenye desa lake, si langu.
Chumba kimoja miaka mitatu, sahani moja,
wiki hii kila mtu na mwanga wake.

Kwenye sufuria, ming'oko ya juzi.
Tunamenya, tunatafuna, tunakariri:
sababu tano za hiki, athari sita za kile.
Ungetupigia hodi
tungekuitikia kwa hoja na mifano.

Jumanne sikuwa na kadi ya mtihani.
Mhasibu hakunifokea,
aligeuza tu kioo cha kompyuta nijionee:
themanini na nne elfu.
Deni lina sura ya upole likiandikwa kwa tarakimu.

Jioni pesa ikaingia kwenye simu
bila neno, ila jina la mama kwa herufi kubwa.
Nikampigia Kitangari. Umepata wapi?
"Mikorosho ya bondeni," akasema,
"mwaka huu itajitegemea."
Akacheka, akaulizia kikohozi changu.

Mimi ni wa huko, najua mwezi wa saba ni nini:
ua linachungulia, ubwiri unga unalinyemelea,
na salfa ndiyo ngao.
Mifuko miwili ameirudisha dukani.
Miti thelathini.
Ubwiri unga hausomi risiti.

Jumatano ilipita, sikumbuki ilivyopita.

Alhamisi nililalia daftari,
nikaamka na wino shavuni.
Somoe akalisoma shavu kinyumenyume:
"Hili ndilo jibu la swali la nne!"
Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Umeme ulipokatika tena
tochi akaiweka katikati.

Ijumaa, Historia, karatasi ya mwisho.
Swali la tatu: Jadili nafasi ya mkulima mdogo
katika uchumi wa mazao ya biashara, kusini.
Alama ishirini.
Nikatazama dari. Feni moja ilizunguka, moja ilikwisha kufa.
Nikaandika kama desa linavyotaka,
bei, maghala, vyama vya ushirika,
aya kwa aya, kwa mwandiko wa kumbembeleza msahihishaji.
Mifuko miwili sikuiandika.
Ningeinukuu vipi?
Mwaka gani, ukurasa wa ngapi?

"Kalamu chini."

Nje walimwagiana maji na unga wa ngano.
Chitanda akawa mweupe kuanzia nywele hadi kiunoni,
akijipiga picha, akilia kidogo, akikana kwamba analia.
Mama hurudi hivyo kutoka kupuliza dawa,
ila yeye huwa wa njano,
na hunawa kwanza kabla ya kumgusa mtu.

Jumamosi niliamka saa kumi alfajiri kusoma.
Nikapapasa meza. Hakuna kitu.
Miaka mitatu mikono yangu ilikuwa na kazi saa hiyo,
sasa imekaa mapajani kama wageni.

Nikampigia mama, najua huwa macho.
Hakuuliza mtihani ulikuwaje.
Aliuliza kalamu zimebaki ngapi.
"Mbili. Moja inavuja."
"Isiyovuja ni ya Likwata, anaanza kidato cha kwanza.
Hiyo inayovuja nayo usiitupe."