Upole Kumi na Tisa

Saa nane ya usiku, Shimanzi, ghala la chai.
Feni inakoroga joto lile lile.
Nje malori saba, pua kwa mkia;
madereva wamezima injini, hawajazima honi,
na Mwachiro wa zamu, kalamu sikioni,
amechungulia mara ya tatu:
"Bi Thureya, mizani imelala."

Haijalala. Naiona kwenye kioo,
mchakato elfu nne mia mbili na sita,
imesimama foleni ndani ya mashine
kama malori yalivyosimama nje.
Mbele yake imejitandaza ripoti ya mwezi,
imekikumbatia kichakataji chote,
ikitafuta wastani
ambao meneja atausoma Jumatatu,
akiusoma.

Mfumo endeshi si dhalimu. Hugawa.
Kila mmoja chembe ya sekunde, kisha ampishe mwenziwe.
Ila mgao wafuata namba,
na walioiunda waliiita namba ya upole:
yaanzia hasi ishirini, yaishia kumi na tisa.
Ukizidi upole, wazidi kungoja.
Mwenye kumi na tisa huokota makombo ya muda
wenziwe wakisinzia.
Mvumilivu hula mbivu, tulifunzwa chuoni.
Humu mvumilivu hula kilichobaki.

Naandika mstari mmoja:
wito wa kuweka kipaumbele,
namba ya mchakato,
hasi tano.
Nabonyeza.

Ruhusa imekataliwa.

Nilisahau. Mtumiaji wa kawaida
aweza kujiongezea upole apendavyo,
hapana atakayemuuliza.
Kuupunguza, hata kwa moja,
hata kurudi tu pale alipokuwa jana,
sharti awe mzizi.

Ndipo nikamwona mama,
Kuze, arusi ya kakangu Swaleh,
sinia zikitoka: za wanaume,
za wageni wa Lamu, za watoto,
hata ya mpiga picha,
naye amepiga magoti kwenye sufuria,
upawa ukikwaruza ukoko.
"Keti, mama, ule."
"Miye nikiketi, n'nani atakayepakua?"

Sijui nani alimwandikia namba ile.
Labda ni yeye mwenyewe, moja,
kisha mbili, mwaka hata mwaka,
na hapana aliyemwambia
kwamba kurudi kwataka neno la siri.
Katika vitabu vya fani yangu
mchakato usiofikiwa na zamu
huambiwa una njaa.
Sikulitunga mimi neno hilo.

Neno la siri analo Firdaus, naye yuko Kisauni, kitandani.
Simu ya nne akaipokea, akalitaja herufi kwa herufi
kwa sauti ya mtu aliyeibiwa,
akasema, "Kisha ulisahau."

Ripoti sikuiua. Niliifunza adabu: kumi na tano.
Mizani, hasi tano.
Hasi ishirini sikuthubutu;
ukimpa mmoja kila kitu, hata kipanya huganda
na huna tena mkono wa kumzuia.

Kioo kikapepesa.
Kilo elfu ishirini na nane, mia nne na kumi.
Lori la kwanza likanguruma,
Mwachiro akaitoa kalamu sikioni.
Ripoti nayo ikaendelea, polepole,
ikidokoa nafasi kati ya lori na lori.

Alfajiri nikapitia mahamri ya moto kwa Bi Kibibi.
Nyumbani wote wamelala ila yeye.
Nikamketisha. Nikamwekea sahani
kabla ya baba, kabla ya Swaleh na mkewe,
kabla ya chai kuchemka.
Akalitazama hamri kama barua ya mtu mwingine.
Akalimega,
nusu kubwa akanisukumia.

Ruhusa imekataliwa.

Nikaisukuma tena.