Ndara ya Buluu

Mfereji wa jikoni umeanza tena:
ndo,
kimya,
ndo,
kama mtu anayehesabu madeni yangu kwa kidole mezani.
Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwa na mita getini.

Umoja, orofa ya nne, Jumanne usiku.
Maji ya kanjo huja leo, yakija,
kati ya saa nane na adhana ya kwanza.
Sharti niwe nimemaliza kabla hayajafika.

Koki iliyo chini ya sinki haifungi.
Imekaa wazi miaka mingi hata imesahau kazi yake.
Nashuka ngazi kwa tochi ya simu, nafunga ile ya nje,
namwandikia Mama Kavata wa orofa ya tatu:
*Dakika kumi tu, nakuomba.*
Anajibu kwa alama moja ya mshangao.
Ana haki. Wiki jana dari yake ililowa kwa kosa langu:
nilikaza nati ya plastiki kwa hasira ya siku nzima ya kazi,
ikapasuka.
Nyangweso fundi alikuja, akaiangalia, akacheka puani.
Plastiki, alisema, hukazwa kwa vidole na adabu.
Spana mpelekee shaba.

Basi usiku huu nina adabu.
Nauvisha mfereji tambara nisiuchubue,
nazungusha kichwa kinyume cha mishale ya saa.
Kinagoma. Kinalia. Kinakubali,
kimevaa chokaa ya maji ya kisima kama meno ya mvuta tumbaku.
Na ndani, nilipotarajia raba nyeusi ya dukani,
kuna kiduara cha buluu
kilichokatwa kwa wembe, pembe kidogo,
na juu yake vile vimistari vilivyopishana
ambavyo kila unyayo wa nchi hii unavijua.

Ndara.
Mtu alikata ndara yake.

Naketi sakafuni nacho kiganjani.
Wewe nani? Ulikuwa usiku kama huu?
Ulikata ya kulia au ya kushoto?
Ulienda bafuni siku ngapi
na tundu la shilingi kisiginoni?

Simu inawaka. Mama Kavata hajalala:
*Huyo ni Bosibori. Mwalimu wa hesabu.
Alihama mwaka ule kodi ilipanda mara mbili.*

Hesabu. Ndiyo maana tundu la msumari
limekaa katikati kabisa.

Mfukoni nina washa mpya, shilingi kumi,
kutoka kwa Muthengi muuza vifaa: "Hii haikosei."
Inakosea. Ni nyembamba, nacho kiti cha koki
kimelika upande mmoja
kama soli ya mtu anayetembea kwenda kazini.
Nakigeuza kiduara cha mwalimu.
Upande wa pili bado mlaini,
haujawahi kubanwa na kitu.
Nakirudisha. Tepu nyeupe, mizunguko mitano,
kufuata upande wa kukaza,
maana ukikosea hujivua kama bandeji ya mtoto.

Saa nane na dakika arobaini.
Kwanza inakuja hewa:
bomba linakohoa ukutani, linagonga kama askari,
na kule chini najua mita inazunguka,
nanunua upepo wa jiji kwa bei ya maji.
Kisha kahawia, kisha kahawia kidogo,
kisha chururu, si ndondondo,
na mitungi saba inajipanga bila kuambiwa.

Nafunga.
Nangoja.
Sinki limenyamaza kama darasa
mwalimu akiingia.

Nazima taa. Nimefika mlangoni pa chumba cha kulala,
na huko bafuni, polepole, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa:

ndo.

Natazama miguu yangu.
Zangu ni za kijani.