Safu Isiyo na Namba

Duluth, Februari. Ziwa limeganda hadi kwenye taa za bandari.
Ghorofa ya saba, birika la pili la kahawa limekwisha,
nami, mpiga hesabu wa madaktari mia nne na kumi na wawili,
nafungua jedwali ukutani:
jina, idara, saa, alama, dola.

Kila kazi ina alama zake.
Goti jipya la chuma, ishirini.
Kumwambia mchimba madini wa Hibbing
kwamba dawa sasa inamla yeye, si uvimbe,
kisha kunyamaza naye mpaka mkewe apate pa kushika:
mbili.
Mbili na robo, ukijaza fomu vizuri.

Wahenga walimjua Daktari Nadig kabla hajazaliwa:
mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Naye hakuona haya. Aliweka mezani
mikono iliyokwisha kufungua vifua elfu tatu,
akauliza bila hasira:
"Nikiamshwa saa nane usiku, mshipa umepasuka,
mtanilipa kwa wastani?"
Tukanyamaza. Swali lilikuwa la haki.

Solveig Aakre, daktari wa watoto, alikuja na lake:
"Surua ambayo haikuja, niidai kwa nani?
Ugonjwa usiofika hauna risiti.
Mnasema kinga ni bora kuliko tiba,
kisha tiba mnailipa, kinga mnaishukuru."

Mai Nhia Vang hakusema mengi.
Wagonjwa wake huja na mkalimani,
kila neno linavuka daraja, linarudi, linavuka tena,
na kwa hesabu ya alama kwa saa
jedwali lilimwita mvivu.
Jedwali ni langu. Nilitazama viatu vyangu.

Tulikwisha jaribu sawa kwa sawa:
foleni zikarefuka, saa kumi jioni taa zikazimwa.
Tukajaribu kila mtu na mavuno yake:
wazee wenye magonjwa matano wakaanza kukosa daktari,
maana mwenye kikohozi hulipa upesi, na haulizi kitu.
Haki ni shati la kuazima:
ukilivuta mabega yaenee,
kitovu kinachungulia.

Ilikuwa saa mbili usiku Nadig aliposimama tena.
Nikadhani anaondoka.
"Novemba," alisema, "nilikuwa nimekwisha kunawa.
Lemuel akapiga simu kutoka kitandani, mafua yamemkaba:
mama huyo humeza vidonge vya dada yake,
vya kufanya damu iwe nyepesi. Anaona aibu kusema.
Nikavua glavu. Yuko hai, anafundisha shule kule Proctor.
Kwa upasuaji ambao sikuufanya, sikulipwa.
Kwa simu ile, naye hakulipwa.
Haya, mwandikieni."

Lemuel Stroud, miaka thelathini na nane ya familia zilezile,
alikuwa akimenya chungwa.
Aliendelea kumenya.

Tukapiga kura. Tisa kwa nane.
Msingi kwa wote; nyongeza ya usiku;
uzito wa mgonjwa, si wingi wa wagonjwa peke yake;
fungu dogo la pamoja, ambalo wanane walilichukia
na tisa waliliona dogo mno.
Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitafuta makoti yao.

Nilibaki na safu moja mpya, ya mwisho kulia.
Sikuwa na jina lake. Niliandika: *Simu ya Lemuel*.
Dirishani, kipimajoto cha benki ng'ambo ya barabara
kilionyesha hasi ishirini na tatu.
Hata baridi huku wameipa namba.

Nikaiacha safu wazi, mstari kwa mstari,
madaktari mia nne na kumi na wawili.
Mashine haipendi uwazi. Ikajaza sifuri.
Nikafuta.
Ikajaza.
Nikavuta kiti karibu, nikafuta.